Sevisi ya jenereta ya kuchomelea: niwe macho na nini kabla ya kuifungua?

welda_elegu

Salaam wakuu. Mimi ni welda, niko Elegu mpakani, upande wa Uganda. Kazi yetu kubwa ni chesisi za trela, bampa na milango ya kontena za malori yanayoingia na kutoka Nimule. Bosi amenunua mashine ya kuchomelea yenye injini yake, mtumba wa Marekani uliopitia Mombasa. Ni ya dizeli, silinda tatu, ina soketi za umeme pembeni, na imefungwa juu ya trela ndogo ya magurudumu mawili.

Mwanzoni ilichoma vizuri. Sasa moto wake unayumba. Rodi inanasa, inazima, halafu ghafla inachoma kwa nguvu hadi inatoboa. Oili nayo imekuwa nyeusi tii. Bosi anataka niifanyie sevisi mwenyewe: oili, filta, mkanda wa feni, kisha nifungue upande wa nyuma nitazame brashi za kaboni.

Kuchoma nakujua. Injini siijui sana, na umeme wa ndani ndio kabisa. Yanayonisumbua ni haya. Mvua zimetubana, kwa hiyo mashine tumeiingiza kwenye kontena la futi 20 tulilogeuza stoo, na bosi anasema niijaribie humo humo, milango ikiwa wazi. Halafu hii mashine hupanda kasi yenyewe ukigusisha rodi, inanishtua kila mara. Na kuna harufu ya dizeli upande wa pampu, sioni inapotoka. Mwenye ujuzi anisaidie, nianzie wapi nisije nikaumia?

Kiboko_Malaba

Kaka, hiyo ni dizeli tu kama dizeli nyingine. Zima, mwaga oili, weka mpya, funga filta, washa. Brashi ni skrubu mbili. Siku hizi mnaogopa sana. Na umeme wa kuchomelea hauui mtu, volti zenyewe chache.

Mzee_wa_Injini (Arua)

Welda, kwenye hilo la mwisho usimsikilize Kiboko. Nitalirudia.

Natengeneza jenereta hapa Arua, za kawaida na za kuchomelea. Katika ajali nilizoziona kuna jambo moja linajirudia: fundi wa injini huumizwa na umeme, na fundi wa umeme huumizwa na injini. Kila mtu anakiheshimu kile anachokijua. Mtu wa magari akija kubadilisha oili anashika popote kwa mkono wa jasho, maana kwake waya ni waya. Mtu wa umeme atapima volti zake kwa uangalifu wote, kumbe mkono wa shati unapepea karibu na feni. Hapo mbele yako kuna mashine mbili ndani ya bodi moja, na zote mbili ni ngeni kwako. Basi ziogope zote mbili sawasawa.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha mashine haiwezi kuwaka. Sisemi iwe imezimwa, nasema isiweze kuwaka. Ufunguo ukae mfukoni mwako, usiuache juu ya bodi. Kisha betri, na spana ianze kwenye hasi. Bodi yote ya mashine imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza kulegeza chanya na spana ikagusa bodi, umekutanisha chanya na hasi moja kwa moja. Cheche zinaruka, na juu ya betri kuna gesi ya haidrojeni iliyotoka wakati wa kuchaji. Betri inapasuka, asidi inakurukia usoni. Hasi ikishatoka kwanza, spana inaweza kugusa bodi itakavyo na hakuna kitu. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Vua pete na saa, vaa miwani. Ile waya ya hasi ifunge kitambaa na uibane pembeni, kwa sababu nyaya nene zina tabia ya kurudi zilikotoka. Na usitoe betri injini ikiwa inanguruma, utaunguza daiodi za chaja.

Nalisisitiza kwa sababu kuna gereji, jina naliacha, fundi alikuwa amepiga magoti anakaza mkanda wa feni. Tanboi wa lori lililokuwa likisubiri akaona kitufe, akakibonyeza. Injini haikuwaka hata, ilizungushwa na stata kidogo tu. Fundi alipoteza ncha za vidole viwili. Betri ingekuwa imefunguliwa, yule kijana angebonyeza mpaka jioni na kisingetokea kitu. Chukua kipande cha boksi, andika USIWASHE, FUNDI YUKO KAZINI, ukining'inize penye tundu la ufunguo. Hapo Elegu iandike na kwa Kiacholi na Kiarabu cha Juba, maana kila mtu anakuja na lugha yake.

Wenye mashine za petroli, nyinyi mnatoa na waya wa plagi kabla ya kuzungusha chochote kwa mkono. Dizeli haina plagi ya cheche, hewa ikibanwa inapata moto na dizeli inawaka yenyewe, kwa hiyo funga kizimio cha dizeli kabla ya kuizungusha kwa puli.

Hiyo harufu ya dizeli sasa. Usiitafute kwa kidole. Narudia, usiitafute kwa kidole. Mabomba membamba yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli yana presha ya zaidi ya baa 100, na injini ikiwa inatembea, tundu dogo kiasi cha kutoonekana linaweza kupiga dizeli ikapenya ngozi. Mara nyingi haiumi sana mwanzoni. Unaona kidoa kidogo, unafuta, unaendelea na kazi, na baada ya saa chache mkono umevimba na nyama imeanza kufa. Ikikutokea nenda hospitali saa ile ile, na umwambie daktari kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha, la sivyo atakusafisha na spiriti akurudishe nyumbani. Kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi. Unakipitisha karibu na bomba, na boksi likilowa umepata. Anza na zile hozi za mpira zinazorudisha dizeli kwenye tangi, hizo hazina presha kubwa na ndizo huchakaa kwanza. Hizo unaweza kuzikagua injini ikiwa imezimwa na imepoa.

Oili imwage injini ikiwa vuguvugu, isiwe ya moto. Rejeta usiifungue mpaka uweze kuishika hozi ya juu kwa mkono bila kuuondoa. Maji ya humo yamebanwa kwa presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua kifuniko yanachemka yote kwa mara moja kuelekea usoni kwako.

Kabla ya hayo yote weka magogo kwenye tairi za hiyo trela, na uchomoe kebo za kuchomelea kwenye mashine. Kuhusu kontena nawaachia wengine, natoka kidogo.

Dada_Usalama (Hoima)

Nalichukua mimi hilo la kontena. Huku mashine hizi zimejaa kwa sababu ya kazi za bomba la mafuta ghafi linalokwenda Tanga, na jambo la kwanza tunalowaambia vijana ni hili: injini haiwashwi mahali penye paa na kuta, hata mlango ukiwa wazi.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme injini yako ni ya lita 1.1 na inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Injini ya mipigo minne inavuta hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Hiyo ni karibu lita 1,000 kwa dakika, yaani mita moja ya ujazo. Kontena la futi 20 lina kama mita 33 za ujazo. Kwa nusu saa injini imevuta hewa inayokaribia kulijaza kontena zima, na kila ilichovuta imekitoa kikiwa moshi. Mlango wa kontena uko upande mmoja tu, kule mwisho moshi unazunguka hautoki.

Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, lakini kidogo hicho ndani ya sanduku la chuma kinatosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwetu hapa mtu akiwa hivyo anasema ni malaria, anaenda kulala pale pale kivulini ndani ya kontena. Hapo ndipo watu hufia. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hii. Ukijisikia hivyo toka nje, na mwenzako akianguka usimfuate kabla hujaita watu na kuzima injini. Akitolewa, apelekwe hospitali akapewe oksijeni, hata kama anasema sasa yuko sawa.

Isukumeni nje, mfunge turubai juu, pande zote zikiwa wazi, na ekzosi ielekee upepo unakokwenda. Bosi akikataa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape mahali salama pa kufanyia kazi. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

welda_elegu

Asanteni sana Mzee na Dada. Mashine tumeitoa nje, bosi hakubisha nilipomwonyesha ile hesabu ya hewa. Harufu imepatikana: hozi ya kurudisha dizeli imepasuka penye klipu, nimebadilisha.

Mengine yamejitokeza. Kibao kinasema 1800 rpm, 60 Hz, 120/240 V. Bosi anasema umeme wa Uganda ni 50 Hz, kwa hiyo nilegeze skrubu ya gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) kasi ishuke. Pia anataka usiku iwashe taa za gereji na duka la mke wake lililo jirani, tuchomeke waya kwenye soketi ya ukutani. Na bado sijafungua nyuma.

Kiboko_Malaba

Hiyo ya soketi ya ukutani wengi wanafanya. Unashusha swichi kubwa, basi.

Mzee_wa_Injini (Arua)

Kiboko, siku ukisahau kushusha hiyo swichi kubwa utamuua mtu usiyemjua. Umeme wako unatoka kwenye soketi, unapita mita, unapanda kwenye transfoma ya mtaa kinyumenyume. Ile transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 415, ukiilisha kwa nyuma inapandisha. Fundi wa UEDCL, kampuni inayosambaza umeme, yuko juu ya nguzo, ameambiwa laini imezimwa. Na umeme ukirudi ghafla ukakutana na jenereta yenu, jenereta ndiyo inayoungua, pengine na duka la mama pia. Kama mnataka taa, mpate fundi umeme mwenye leseni awafungie swichi ya kubadilisha, ile isiyoweza kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Au vuta ekstensheni kutoka kwenye mashine hadi kwenye taa, isiguse ukuta.

Gavana msiiguse. Nguzo za sumaku za rota (ile sehemu inayozunguka ndani) na kidhibiti cha volti vimepangwa kwa mizunguko 1,800. Ukishusha hadi 1,500 volti zinashuka, koili za sumaku zinapata moto, na moto wa kuchomelea ndio utayumba zaidi. Ukipandisha kupita kibao ni hatari kubwa zaidi, rota inaweza kupasuka. Grainda na taa hazijali 50 wala 60. Friji na pampu za maji zinajali, hizo msichomeke. Angalieni tu soketi ipi ni 120 na ipi ni 240, muiandike kwa rangi.

Haya, nyuma. Nataka uende polepole hapa.

Injini imezimwa, betri imetolewa, ufunguo mfukoni. Kabla hujaingiza kidole tafuta kama mashine yako ina kapasita kubwa, zile kopo za mviringo. Zilizo nyingi za kisasa zinazo, na injini ikizimwa kapasita bado zimeshiba umeme. Subiri dakika tano au zaidi, kisha pima kwa mita kwenye DC mpaka isome karibu na sifuri. Usizipige shoti kwa bisibisi kama wanavyofanya vijana wa redio.

Ukifungua kifuniko utaona pete mbili za shaba kwenye shafti ya rota, na juu ya kila pete brashi ya kaboni inayosukumwa na springi. Piga picha kwanza kwa simu. Toa brashi moja moja na utie alama upande wake, kwa sababu uso wake umejichonga kufuata pete na ukiigeuza haitakaa sawa. Tazama kama ni fupi, imechanika, au imekwama kwenye nyumba yake. Moto kuyumba kama wako, mara nyingi ni brashi iliyokwama kwa vumbi na oili: springi inasukuma lakini brashi haishuki.

Pete zikiwa nyeusi zisugue kwa msasa laini wa mbao, rota ukiizungusha kidogo kidogo kwa mkono. Usitumie ule msasa mweusi wa kitambaa wa kusugulia vyuma, unga wake unapitisha umeme na utabaki humo ndani ukitengeneza shoti. Kuna watu wanasugua pete injini ikiwa inatembea, eti ni haraka. Kwenye pete hizo kuna umeme wa kulisha sumaku, na sentimita chache kutoka hapo kuna rota ya kilo nyingi inazunguka. Sitaki hata kulijadili. Vumbi la kaboni lipulize kwa hewa kavu ya presha ndogo likitoka nje, ukivaa miwani na barakoa. Kabla ya kuipuliza humo, hewa ya kompresa ielekeze pembeni kwanza, maana msimu huu inatema maji. Pete usizishike kwa kidole chenye oili.

Sasa Kiboko na volti zake chache. Mashine ya kuchomelea injini ikiwa inatembea, hata kama huchomi, pale kwenye terminali kuna volti 60 hadi 80, nyingine zaidi. Ukiwa na glavu kavu na buti huisikii. Ukiwa umelala kwenye tope la Elegu, shati limelowa jasho, mgongo kwenye chesisi ya lori, hizo zinatosha kukukaza misuli usiweze kuachia. Na kwenye mashine hiyo hiyo kuna soketi ya 240, ambayo haiko hapo kwa mapambo.

Wakati wa kujaribu rudisha vifuniko vyote kwanza, mlinzi wa feni akiwemo. Hiyo kupanda kasi yenyewe ni ya kawaida, inatulia kusipokuwa na kazi ili kuokoa dizeli, na inaruka kwenye kasi kamili ukigusa rodi au mtu akiwasha grainda upande wa pili. Ndiyo maana injini iliyotulia si ruhusa ya kuingiza mkono. Kama kuna swichi ya kuizuia isitulie, iweke kwenye kasi kamili unapopima.

Dada_Usalama (Hoima)

Naongeza dizeli. Hapo mpakani mafuta yanauzwa kwa jerikeni za njano, na jerikeni iliyobeba petroli jana inabeba dizeli leo. Petroli kidogo iliyobaki inafanya dizeli yako itoe mvuke unaowaka kirahisi kuliko ulivyozoea. Muwe na jerikeni yenu ya dizeli tu. Jazeni injini ikiwa imezimwa na imepoa, msifike juu kabisa, na anayekata kwa grainda jirani asubiri. Kizima moto cha unga kiwe upande unaokimbilia, kisiwe nyuma ya mashine.

welda_elegu

Nimefungua. Ilikuwa kama Mzee alivyosema, brashi ya pete ya ndani imekwama kabisa kwenye nyumba yake, imegandana na oili na vumbi, na upande mmoja umemeguka. Ile nyingine iko sawa ila fupi. Pete nimezisugua, zimeng'aa. Kapasita zilisoma volti 40 na kitu mara tu baada ya kuzima, nikasubiri mpaka zikaisha. Nisingepima nisingejua.

Kwenye betri nimekuta unga mweupe mwingi kwenye chanya. Na brashi mpya nazipata wapi? Hapa kuna jamaa anataka kunikatia za drili kubwa azipunguze kwa tupa.

Mzee_wa_Injini (Arua)

Unga wa betri usiupulize kwa mdomo. Vaa glavu na miwani, mwagia maji yenye soda ya kupikia mpaka povu liishe, yasiingie ndani ya vifuniko, suuza, kausha, paka grisi kidogo.

Za drili kataa. Kaboni hazifanani, nyingine ngumu zitakula pete zako za shaba, nyingine laini zitaisha upesi na kujaza vumbi tena. Pima urefu, upana na unene wa ile nzima kwa milimita, uandike na namba zilizopigwa ubavuni kama zinasomeka, upige picha ya kibao cha mashine. Mtu anayekwenda Kampala azitafute soko la vipuri la Kisekka au kwa wanaosuka mota Katwe, anunue jozi mbili na springi zake. Mpaka zifike, hasi ya betri ibaki imefungwa kitambaa na lile boksi libaki linaning'inia.

Kiboko_Malaba

Mzee, yangu ni ya petroli na moto wake nao umeanza kuyumba. Nianze na hasi?

Mzee_wa_Injini (Arua)

Anza na hasi, halafu waya wa plagi. Ukimaliza hapo nitumie picha ya pete.